Smuthi ya Mdomo Uliofungwa Waya

6 Machi

Mama mdogo,

Kuna kitu sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu wa dawati: tangu mdomo wa mama ufungwe waya, napenda jinsi nyumba ilivyotulia.

Basi, nimekwisha kuandika. Sasa shikamoo. Najua salamu ndizo hutangulia, na mwalimu wetu wa lugha angeizungushia barua hii duara jekundu, lakini ningeanza na salamu ningekwama hapohapo, nikakueleza habari za mvua mpaka karatasi iishe. Mvua ipo. Shule inaendelea. Paka wa jirani amezaa ndani ya boksi la vyuma chakavu karakanani na hakuna anayethubutu kulisogeza. Sisi ni wazima isipokuwa mmoja, na huyo ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Mama alipigwa na geti. Lilikuwa geti kubwa la milango miwili, limeegemezwa ukutani linasubiri rangi. Msaidizi wake, yule tunayemwita Mrefu, alilegeza kamba mapema, bawa moja likajifungua lenyewe na kumkuta mama ameinama. Taya likavunjika. Hospitalini wakalipanga, kisha wakayafunga meno ya juu na ya chini pamoja kwa waya mpaka mfupa ushike. Daktari alieleza yote kwa ile lugha tunayofundishiwa shuleni, mama akanitazama mimi, na mimi, ambaye nikiitwa ubaoni hujifanya nimeangusha kalamu, nikawa mkalimani.

Unamjua mama. Mtaa mzima unamwita Fundi Cheche, na si kwa sababu ya kuchomelea tu. Anaongea kuishinda mashine ya kukatia chuma. Anaongea na redio, na sufuria, na mteja aliyekwisha kuondoka. Siku hizi anaandika kwa ile chaki yake ya kupimia, kwenye bati jeusi alilotundika jikoni, kwa herufi kubwa, na hata chaki yake ni kama inapiga kelele. Lakini chaki haiingii chumbani kwangu ninaposoma. Ndiyo maana nimesema ninapenda utulivu. Kisha namwona anavyokonda, nami najichukia.

Maana anakonda, mama mdogo. Supu iliyochujwa anainywa kama mtu anayelipa faini. Maziwa yamemkinaisha. Ovaroli lake la kazi sasa ndilo linalomvaa yeye. Juzi daktari aliangalia mizani akasema mshale ukiendelea kushuka atamlaza na kumlisha kwa mpira kupitia puani. Hilo la mpira sikulitafsiri. Nilimwambia mama, "Anasema ule vizuri."

Nikaamua kumtengenezea smuthi. Nilifuata maelekezo ya kwenye simu, yenye picha ya glasi iliyochomekwa ua. Nikasaga embe. Mama akainywa, na nyuzi zote za lile embe zikajisokota kwenye waya za meno kama uzi kwenye cherehani mbovu. Alikaa dirishani na kioo, mimi nimeshika tochi na kibanio cha kutolea miiba, tukachomoa uzi mmoja mmoja. Hakunikasirikia. Tulipomaliza akanipigapiga begani na kunikonyeza.

Wewe unafanya kazi na matunda. Dereva wa lori linaloshusha mizigo sokoni, nyuma ya karakana, anasema anakufahamu, na kwamba unamgombeza akirundika maparachichi. Amekubali kubeba barua. Usipige simu, tafadhali. Simu iliyopo ni ya mama, na mimi kwenye simu sauti hunikwama kooni. Kwenye karatasi haikwami.

Mama hajui kwamba nimekuandikia. Jina lako halitajwi humu ndani. Siulizi kwa nini.

Ni mimi, Kimya.


17 Machi

Kimya wangu,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imefika ikiwa na harufu ya mananasi, na kona moja imelowa. Umekua. Mara ya mwisho nilipokuona ulikuwa unajificha nyuma ya pazia wageni wakija, miguu inaonekana, na wote tulijifanya hatukuoni.

Mimi sijambo. Chumba changu kina dirisha linalotazama ukuta wa jirani, kwa hiyo hali ya hewa naiuliza kwa watu. Mwenye nyumba anaimba akiwa bafuni, nyimbo zilezile, na sauti Mungu hakumpa. Kazini wamenihamishia chumba cha kuivishia ndizi. Navaa sweta huku jua la nje linapasua mawe. Ndizi zinaingia kijani kama nyasi, nami ndiye ninayeamua lini zitoke.

Sasa tuje kwa mgonjwa wako.

Yale maelekezo ya glasi yenye ua yatupe. Yameandikwa kwa ajili ya watu wenye meno yanayofunguka. Utaanza na ndizi. Usichukue ya njano tupu, hiyo ni nzuri kwa kupigia picha tu. Chukua yenye madoadoa ya kahawia, ile ambayo watu sokoni wanaisukuma pembeni. Imenye kwanza, ndipo uigandishe. Nakuambia hivi kwa sababu nakujua, utaiingiza kwenye friji na ganda lake, kesho yake uwe na jiwe jeusi usiloweza kulimenya. Ikate vipande, vitandaze kwenye sahani visigusane, viache mpaka vilie ko ko ukivigonga. Ndizi iliyoganda ikisagwa inalainika kama aiskrimu. Hakuna barafu humo, wala unga, wala ujanja mwingine.

Embe lisage peke yake, kisha lisukume kwenye kitambaa safi cha pamba kwa mgongo wa kijiko. Nyuzi zibaki kwenye kitambaa, utamu ushuke. Usikamue kwa hasira.

Parachichi ndilo litakalorudisha nyama mwilini. Libonyeze karibu na kikonyo: likikuitikia kidogo, limeiva, likizama, umechelewa. Badala ya maji tia tui zito la nazi. Saga vyote mpaka mlio wa mashine ubadilike. Mwanzo inagugumia, halafu inakwaruza, halafu inakuwa kama inanong'ona. Hapo simama. Acha kikombe kikae mezani kidogo, baridi kali na waya za chuma ni maadui.

Mwisho, chumvi, kiasi cha kushika kati ya kucha mbili. Na ganda la ndimu ulisugue kwenye ukingo wa kikombe. Usiniulize kwa nini. Weka tu.

Onja kila kitu kabla hujampa. Yeye analala upande gani, uliovunjika au mzima? Nauliza kwa ajili ya chakula kushuka, si kwa lingine.

Nimempa dereva boksi la ndizi. Zilizo juu za wiki hii, za chini zisubiri. Na usimwambie zimetoka kwa nani. Akijua atafunga hata hicho kitundu kilichobaki.

Mama yako mdogo.


30 Machi

Mama mdogo, shikamoo,

Natumaini sweta lako linakutia joto na mwenye nyumba amepata mafua kidogo, ya koo tu. Hapa mvua imekatika. Watoto wa paka wamefumbua macho. Nimepata alama nzuri kwenye mtihani wa sayansi, ila sehemu ya kueleza mbele ya darasa nilipata sifuri, kwa sababu nilisimama, nikafungua mdomo, nikakaa.

Boksi lilifika. Niliwaambia nyumbani kwamba dereva ametupatia ndizi zilizobonyea. Mrefu alizitazama zile ndizi akasema, "Hizi zimebonyea wapi? Hizi zimetoka saluni."

Sasa ngoja nikuambie nilichofanya, na usinicheke. Tunakaa vyumba vya kupanga, ukuta wetu na wa jirani ni mmoja, na blenda yetu inalia kama pikipiki inayopanda kilima. Nikaona aibu. Nikifikiria watu wanasikia, wanasema, "Kale kabinti kanapika nini saa hizi?" nahisi masikio yanaungua. Basi nikaifunika blenda kwa blanketi. Blanketi zito, mara mbili, nikaikumbatia juu yake. Ile hatua ya kugugumia nikaisikia, ya kukwaruza nikaisikia, nikawa nasubiri inong'one, ikanyamaza kabisa. Halafu moshi.

Mama alitoka chumbani mbio. Akaona moshi, akaona blanketi, akaniona mimi nimelikumbatia kama mtoto mchanga. Mama mdogo, alicheka. Mtu mwenye meno yaliyofungwa hucheka kwa pua, mabega na machozi. Alishika ukuta. Kisha akaenda kwenye bati akaandika: MASHINE INAPUMUA KAMA WEWE. UNGEFUNIKWA UNGEFANYA KAZI?

Aliifungua palepale mezani kwa bisibisi. Nilikuwa sijawahi kukaa nikamtazama akifanya kazi, kwa sababu siku zote anaongea wakati anaifanya, nami huwa nakimbia maneno. Safari hii hakukuwa na maneno, nikaiona mikono. Aliinusa ile mota kama wewe unavyonusa tunda. Akachomoa waya ulioungua, akakata, akaunga, akafunga, na kila skrubu iliyotoka aliipanga mezani kwa namna ilivyotoka, kama herufi za sentensi. Ikawaka. Akavigawa blanketi na blenda kwa macho tu: hili kitandani, hii jikoni, na visikutane tena.

Halafu kulikuwa na shida ya mrija. Smuthi yako ni nzito, mrija wa dukani unabonyea na kushikana. Nilitaka kuichuja iwe nyepesi. Akatikisa kichwa, akaenda karakanani, akarudi na kibomba chembamba cha chuma kile kisichoshika kutu, amekipinda kwa kipimo cha shavu lake mwenyewe, kifike nyuma ya jino la mwisho ambako waya haziko. Ncha amezisugua hadi ziko laini kama kokoto ya mtoni. Tulikichemsha. Akanywa kikombe chote. Alipomaliza akakigeuza juu chini kunionyesha, kama watu wanavyofanya wakishinda mashindano.

Analala upande mzima. Unaona, nimekujibu, na sikuuliza.

Kosa la pili hili hapa. Jioni moja nilisaga papai na maziwa, nikaonja, lilikuwa tamu, nikaliweka kwenye friji ili asubuhi nisichelewe shule. Nikaamka alfajiri nikampa, akanywa lote bila kukunja hata nyusi. Mimi nikalamba kijiko nilipokuwa naosha. Lilikuwa chungu kama dawa ya malaria! Nikakimbia, "Mama, mbona umekunywa?" Akaandika: ULIAMKA MAPEMA.

Hayo tu. Nilikaa darasani siku nzima na hayo maneno mawili.

Mizani: mshale umeacha kushuka. Daktari amesema tuendelee.

Kuna jambo dogo. Alipokunywa ile ya kwanza yenye chumvi na ndimu, alisimama katikati, akaangalia dirishani muda mrefu. Kisha akaandika: NANI KAKUFUNDISHA CHUMVI? Nikasema nimebuni. Akanitazama, akafuta.

Papai na maziwa vina nini?

Kimya wako.


19 Aprili

Mama mdogo, shikamoo,

Nimeamkia tena kwa sababu ile ya barua iliyopita sijui kama ilifika. Boksi limekuja mara mbili, zuri kama siku zote, maembe yamefungwa kila moja kwenye karatasi yake. Nilizifungua karatasi zote nikitafuta maandishi. Dereva anasema ni mzima, unagomba kama kawaida. Je, nimekukosea? Kama ni ile habari ya chumvi, sikukutaja, naapa.

Nakuandikia hata hivyo, kwa kuwa jambo hili sina wa kumwambia.

Jumamosi alikuja mteja wa geti la kijani. Aliagiza geti la kufungukia ndani, limekwisha, limepakwa rangi, sasa anataka lifungukie nje na anasema ndivyo alivyosema tangu mwanzo. Alipomwona mama na waya zake akachangamka. "Fundi, leo umekuwa mpole! Ukimya umekupendeza." Mrefu akatazama viatu vyake.

Mama akachukua chaki akaandika kwenye bamba la chuma lililokuwa mezani: MWAMBIE GETI SI SHATI LA KUGEUZWA NDANI NJE. Akanigeukia mimi.

Nikasema kwa sauti yangu ya panya, "Mama anasema samahani, haitawezekana."

Mama akagonga bamba kwa nyundo. Karakana nzima ikaitika. Akanyoosha kidole kwenye maneno yake.

Nikayasoma. Sijui sauti ilitoka wapi. Mrefu alikuwa amerudi kukata chuma kule nyuma, na nilimshinda: "GETI SI SHATI LA KUGEUZWA NDANI NJE!" Mashine ikazimwa. Nikadhani mteja atanipiga. Akacheka hadi akashika nguzo. "Kumbe sauti ya fundi haijapotea, imehamia kwa binti!" Akalichukua geti lake, linafungukia ndani.

Mama alinitazama vile anavyotazama kiungio kilichoshika vizuri, na akanivalisha kofia yake ya kuchomelea. Ilinifunika hadi mabegani. Nililia humo ndani ambako hakuna aliyeona.

Jioni nilisaga ndizi, parachichi na nanasi, kwa tui, si kwa maziwa, nimeshika adabu. Blenda ililia wazi, bila blanketi. Mtoto wa jirani akapiga kelele kupitia ukutani, "Na mimi!" nikampelekea. Mama alikunywa, kisha akaenda kwenye bati:

MWAMBIE HUYO WAKO NDIMU IMEZIDI.

"Huyo wangu nani?" nikasema.

Akafuta kwa kiganja. Akaandika tena, taratibu, herufi ndogo, nilikuwa sijui kwamba anazo:

na parachichi ni zuri sana

Nikiwa nimesimama pale kama mti akaongeza: Mpira wa puani pia niliuelewa. Daktari alishika pua yake. Hukutaka niogope. Asante.

Kwa hiyo anajua. Nadhani amejua tangu chumvi ya kwanza. Nami sijui kilichotokea kati yenu, na sasa ndiyo, nauliza.

Kimya.


2 Mei

Mwanangu,

Marahaba mara zote mbili. Hukunikosea. Barua yako ya papai niliisoma nimesimama kati ya ndizi, nikafika pale alipouliza nani kakufundisha chumvi. Nikaikunja nikaitia mfukoni, na kila nilipotaka kujibu nikajikuta nafunga embe kwenye karatasi badala yake.

Nianze na papai. Papai bichi watu wanapaka nyama ngumu ili ilainike, si ndiyo? Basi na maziwa linayafanyia hivyohivyo, linayamung'unya polepole, yanabaki machungu. Nanasi ni ndugu yake. Ukichanganya na maziwa, vinywewe hapohapo, visilale pamoja.

Sasa hilo lingine. Tulipokuwa wasichana, mimi ndiye niliyetia chumvi kwenye kila tunda, nikasugua ndimu kwenye kila kikombe. Yeye alinicheka, halafu akanywa cha kwangu na chake. Nilipokua nikataka kufungua duka la sharubati. Nilikuwa nimeona chumba, nimechagua hata rangi ya meza. Nikatangaza siku ya harusi ya binamu yetu, mbele ya ukoo na wakwe. Niliposema, yeye akacheka kwa ile sauti yake isiyojua kunong'ona: "Wewe? Wewe hata maji ukichemsha yanaungua!"

Ukumbi mzima ulianguka kwa kicheko. Alikuwa anatania, najua. Lakini tangu siku hiyo kila niliyekutana naye njiani alikuwa na swali moja: "Vipi, maji hayajaungua?" Muuza nguo, kinyozi, mpaka mwenye kile chumba nilichotaka kupanga. Sikufungua duka. Nikaondoka, na sikuaga mlango wenu.

Ukitaka ukweli wote, huu hapa nusu ya pili. Juu ya kitanda changu kuna picha moja tu. Ni ya dada, amepandisha kofia ya kuchomelea kichwani, uso mweusi kwa moshi, amesimama mbele ya geti lake la kwanza. Mafundi walimwambia mwanamke hawezi kulinyanyua, akawaambia yeye hajaja kulinyanyua, amekuja kulitengeneza, wanyanyue wao. Nilikuwepo. Ni mimi niliyepiga ile picha, na mkono ulitetemeka kwa fahari, ndiyo maana imetoka na ukungu. Ninapomgombeza dereva wa lori naiga sauti yake.

Umeona nimeandika dada. Nilikuwa nimeisahau ladha ya neno hilo.

Lakini ujumbe wa chaki kupitia kwa mtoto sitaupokea, hata ukiwa wa herufi ndogo. Akifunguliwa mdomo, ana mdomo.

Mama yako mdogo.


14 Mei

Mama mdogo, shikamoo,

Natumaini umeamka salama na ndizi zako zinakutii. Huku paka amehamisha watoto wake, wapo ndani ya kofia ya zamani ya mama, na Mrefu amekatazwa kuigusa. Shuleni nilisimama nikaeleza mbele ya darasa, kwa lugha yao ya shuleni, kwa nini papai hufanya maziwa kuwa machungu. Nilishika ukingo wa meza ila sauti ilikuwa kwenye kazi yake. Mwalimu akauliza nimesoma kitabu gani. Nikasema nimefundishwa na mtaalamu.

Waya zimetolewa.

Daktari alisema mshale wa mizani umepanda kuliko alivyotarajia, akataka kujua tulimpa nini. Safari hii nilitafsiri kila kitu, pande zote mbili. Mama alifungua mdomo kidogo tu, taya limekakamaa, na sauti ilitoka nyembamba, imekwaruza, kama si yake. Neno lake la kwanza lilikuwa "Ooh," la pili lilikuwa kumwambia daktari mlango wake unalia, bawaba zinataka mafuta.

Unakumbuka nilivyoanza barua ya kwanza? Nataka kuirekebisha. Tuliporudi nyumbani aliongea na sufuria. Aliongea na redio. Aliongea na smuthi. Nilikuwa chumbani, kitabu kimefunguka, nikajikuta sisomi, nasikiliza. Zamani nilikuwa nasikia kelele tu. Sasa kila nikiisikia sauti hiyo naiona na ile mikono, zile skrubu zilizopangwa, kile kikombe cha papai. Nyumba bado naipenda ikitulia. Lakini napenda zaidi nikijua anayeijaza yupo.

Leo mchana amejaribu kusaga mwenyewe. Alikataa msaada. Alisaga ndizi hata hazijaganda vizuri, akatia tui hadi likamwagika, akaonja, akakunja uso. Akaonja tena.

"Haijawa ile," akasema. "Inakosa kitu. Chumvi anatia kabla ya kusaga au baada?"

Hakusema nani. Nami sikujifanya sijui.

"Muulize," akasema, huku ananipa mgongo, anafuta meza iliyokwisha kufutwa.

Mama mdogo, mimi niliyejificha nyuma ya pazia, nilimjibu mama yangu. Nikasema, "Muulize mwenyewe."

Kitambaa kikasimama. Nilingoja anirudishie neno lake moja kubwa, maana mdomo sasa anao. Akavaa viatu akaenda karakanani, na nyumba ikawa na kimya kile nilichokipenda zamani, nikaona hakina raha yoyote. Nikaja kukaa hapa mezani kukuandikia, maana lori linaondoka jioni, na nilitaka nikuombe radhi kwa kuwa pengine nimeharibu.

Namsikia anarudi. Ni viatu vyake vya kazini, vile vyenye chuma mbele, anavyokanyaga kama anapigilia msumari kila hatua. Barua zako zote nilikuwa nazisukuma chini ya godoro nikivisikia, na zangu chini ya kitabu cha sayansi. Hata sasa mkono umekwenda wenyewe kwenye kitabu. Nimeurudisha.

Karatasi ipo mezani, imeelekezwa mlangoni. Nimebakiza nafasi hapa chini, ya kutosha mtu mwenye herufi kubwa, na kalamu nimeiacha wazi. Ameshika kitasa